Mita Hazina Adabu

Suma, Tukuyu
Jumapili, 8 Juni 2025

Kwako dada yangu Joyce,

Barua hii naiombea ikukute umeketi, na kama umesimama, basi keti kwanza. Habari za Morogoro na joto lake? Shemeji hajambo? Na yule mdogo, meno yameshamaliza kuota, au bado anawakesheza? Sisi huku tu wazima. Baridi ya mwezi wa sita imeingia kwa pupa, na mvua nayo haijaambiwa kwamba msimu wake umekwisha, ndiyo maana karatasi hii imejikunja pembeni. Mama hajambo. Hilo nimelitanguliza mbele ya yote ili usome yaliyobaki bila moyo kukudunda. Hajambo, tena hajambo kuliko nilivyokuambia.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ninayo na vocha ninayo. Sababu ni wewe mwenyewe, dada. Kwenye simu ukishasikia nusu ya jambo unaanza kutoa amri, na mimi nikishapewa amri nasahau nusu iliyobaki. Erasto wa duka la pembejeo anasafiri kesho kwenda Dar na atashuka Morogoro kupumzika. Nimempa bahasha hii pamoja na maparachichi. Kama maparachichi yamepungua, muulize yeye.

Wewe huwaambia majirani zako kwamba mdogo wako ni mtafiti. Cheo hicho sina. Mimi ni mpimaji tu. Mradi wetu unataka kujua jambo moja: watu wenye ugonjwa sugu wa mapafu, hasa akina mama waliopuliza kuni mbichi jikoni kwa miaka arobaini, wakifundishwa mazoezi ya kupumua na ya miguu kwa wiki nane, je, watapata nafuu kuwazidi wale wanaoendelea na dawa na ushauri wa kawaida? Tunao watu sitini na wanne kutoka vijiji sita. Nusu walipata mazoezi kwa kura na nusu wakakosa. Orodha ya nani yuko kundi gani anayo mtakwimu mmoja huko chuoni. Sisi wapimaji haturuhusiwi kuijua, maana mpimaji akishajua, jicho lake huanza kuona anachokitamani.

Wapimaji tuko wawili, mimi na Nelson, kijana wa Singida, mpole, ambaye huhesabu kila kitu hata ngazi za nyumba za watu. Kwa kuwa mama alipata mazoezi, na mimi ninalala naye nyumba moja, siri hiyo kwangu haikuwa siri. Kwa hiyo watu wote wa Suma alipewa Nelson, nami nikaagizwa siku ya kupima Suma nisionekane hata uani.

Tunapima kwa njia mbili. Ya kwanza ni dodoso: unamuuliza mtu maswali kuhusu pumzi zake, usingizi wake, kazi zake za nyumbani, naye anakujibu. Ya pili ni mwendo. Tunaweka koni mbili za plastiki, moja kila mwisho wa baraza, na mgonjwa anatembea kwenda na kurudi kwa dakika sita, halafu tunahesabu mita alizokwenda. Mwenye mapafu mazuri huenda mbali, aliyebanwa huishia karibu.

Mkuu wetu ni Daktari Lusungu. Jina ni la huku ila yeye amekulia Tabata, na Kinyakyusa chake kinaanzia na kuishia kwenye neno ndaga, yaani asante. Hata hivyo kwa neno hilo moja ametuelewa vizuri. Husema kwamba ukimuuliza mzee wa Rungwe anajisikiaje, atakushukuru kwanza kwa kuja, atasema ndaga fijo mwanangu, nimepona, hata kama kidonge bado kiko mkononi. Hataki kumvunja moyo mgeni aliyepanda mlima kumfuata. Ndiyo maana daktari huliamini dodoso nusunusu. Msemo wake tuliukariri sote ofisini: watu wana adabu, mita hazina adabu.

Mwezi wa tatu, kwenye kipimo cha kwanza, mama alitembea mita 312. Halafu yakaanza mazoezi. Laiti ungemwona, Joyce. Chupa mbili za maji zimejazwa mchanga, moja kila mkono, midomo ameikunja kama anapoza chai, anapanda na kushuka kizingiti cha jikoni huku anahesabu kwa Kinyakyusa. Siku za mwanzo tulicheka mpaka akakohoa, na akikohoa mimi nacheka tena, mbaya mimi. Kufika wiki ya tano alikuwa amerudi kuchuma chai yake mwenyewe, si ile mistari ya juu karibu na nyumba tu, mpaka kule chini mtoni.

Kipimo cha pili kilikuwa Jumanne, tarehe 13 Mei, kwenye ukumbi wa kanisa, ule wenye baraza refu. Safari hii serikali ya kijiji iliomba awepo mzee mmoja kama shahidi, kwa sababu kuna waliokuwa wanasema kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupimia oksijeni, kinanyonya damu. Akachaguliwa babu Ambindwile, mdogo wake babu yetu mzaa baba. Miaka themanini na minne, suti ile ile ya kahawia, na kofia. Mimi nilipita asubuhi kusaidia kupanga mabenchi kabla wagonjwa hawajafika; babu alikuwa ameshawahi. Kulikuwa na manyunyu na upepo. Nikamtolea babu kiti cha mchungaji, chenye mto, nikakiweka mwisho kabisa wa baraza, karibu na koni ya pili, mahali ambapo mvua haifiki. Nikamfunika miguu kwa blanketi. Akanibariki kwa majina ya ukoo wote, nami nikaenda zangu ofisini Tukuyu huku najisifu kwamba mama amenilea.

Jioni Nelson alirudi na karatasi zake. Mama: mita 247.

Nilidhani ameandika vibaya. Nikachungulia mistari mingine, jambo ambalo sikupaswa kulifanya, na nikaona wanawake wote saba wa Suma wameshuka. Mama Abeli, jirani yetu Yudith, alikuwa na mita 118, ambazo hata mtoto anayejifunza kutembea angezifikisha. Wanaume wanne walikuwa pale pale au wamepanda kidogo. Lakini kwenye dodoso wanawake wale wale walisema wanalala vizuri, wanapanda mlima vizuri, wanachota maji vizuri. Kinywa kilisema nafuu na miguu ikasema msiba. Daktari Lusungu akasema kwamba vipimo viwili vikigombana hivi, yeye anasimama na mita.

Ijumaa yake nikakupigia. Nilikuambia mama anashuka haraka. Ulilia, mimi nikalia, na kabla hatujakata simu ulikuwa umeshaamua kuja tarehe 20 Juni kumchukua akaishi kwako moja kwa moja, maana huko kuna hospitali kubwa na hakuna baridi. Najua shemeji ametoa magunia kwenye kile chumba cha stoo na kupaka rangi. Najua umenunua kitanda.

Sasa nikusimulie. Jumapili moja tulikuwa tunarudi kutoka kanisani, mimi na mama, na Mama Abeli nyuma yetu. Unaukumbuka ule mlima wa kutoka darajani, udongo mwekundu, ukinyesha watu wanavua viatu. Mimi nilikuwa nahema. Mama alikuwa mbele yangu, kitenge amekifunga kiunoni, anaongea. Si kuongea kwa kusimama na kushika mgomba kama mwaka jana, ni kuongea huku anapanda. Anaulizia mahindi ya huyu, mtoto wa yule. Nikamtazama mgongo wake nikajiambia kwamba mgongo huu hauwezi kuwa wa mtu wa mita 247. Nikamwuliza, mama, siku ile ya Nelson ulikuwa mgonjwa? Akasema hapana. Viatu vilikubana? Hapana. Basi mbona hukutembea?

Akasimama, akageuka, akanitazama kama mtu aliyeulizwa na mwanawe kwa nini hakuvua nguo sokoni. Akaniuliza kwa upole: angetembeaje kumwelekea mkwe wake usoni?

Wewe, dada, umeolewa kwa watu ambao mkwe anakaa meza moja na mkwewe na kumsogezea mchuzi, kwa hiyo labda umesahau. Wasichana wa siku hizi nao wamelegeza. Lakini mama zetu wa umri ule bado. Kwao baba mkwe, pamoja na ndugu zake wa kiume, hatazamwi machoni wala hasogelewi. Ukimwona njiani unaiacha njia. Mama alikuwa akifika hatua nne kabla ya koni anainamisha uso, anajipinda pembeni, anangoja kidogo, kisha anarudi kwa hatua fupi fupi mpaka awe mbali. Saa ya Nelson inakimbia, yeye amesimama na heshima yake. Mama Abeli, ambaye mumewe ni wa ukoo ule ule kama waume wa wale wengine wote, alikwenda mara chache, halafu akajibanza nyuma ya nguzo mpaka muda ukaisha. Nelson alimsihi aendelee, akajibiwa kwa sauti ya chini kwamba anashukuru, hapa panamtosha.

Na sikiliza hili. Mama alidhani kiti kile ni sehemu ya kipimo. Alidhani mradi unataka kuona kama wanawake wa Suma, baada ya mazoezi yote yale ya kurusha mikono, bado wana adabu. Akaniambia kwa kujivuna kidogo kwamba anaamini yeye alifaulu kuliko wote isipokuwa Yudith.

Mimi sijaolewa. Sina mkwe wa kumwepuka. Kwangu mzee yule ni babu, nampa kiti kizuri. Nilikaa na jambo hilo kichwani njia nzima. Wanaume wale wanne hawakuwa na shida naye, mmoja alimsalimia kila alipoizunguka koni. Na Nelson wa Singida angejuaje?

Nenda nami mpaka tarehe 29 Mei, Alhamisi, ofisini. Daktari Lusungu alikuwa na ripoti ya katikati ya kupeleka chuoni. Iwapo Suma imeshuka namna ile, alisema, hawezi kuomba mazoezi yaendelezwe Matwebe na Kiwira, kwa sababu huenda yanawaumiza watu. Kisha akasema kuna njia nyingine ya kulitazama, kwamba wote walioshuka walipimwa na mtu mmoja. Hakumtaja, lakini chumba chenyewe kina watu watano. Nelson aliinuka, akasema kwa utulivu kwamba yuko tayari kupimwa yeye. Basi siku ile ile tukachukua wagonjwa watano wa mjini waliokubali, Nelson akawapima asubuhi, mimi nikawapima mchana baada ya kupumzika, bila kuonyeshana karatasi. Tulipozilinganisha, tulitofautiana mita sita kwa aliyetofautiana zaidi. Jicho la Nelson halikuwa na kosa.

Daktari akauliza, basi Suma kuna nini? Nelson akanigeukia, bila ubaya wowote, akasema: Anyitike, wewe ni wa kule, hakuna kitu ulichokiona?

Nikakisema kiti. Nikasema mkwe, nikasema nguzo, nikasema hata kwamba aliyekiweka kiti pale ni mimi. Daktari akaanza kucheka, halafu akaacha kucheka, akavua miwani. Alisema miaka kumi na mmoja amefundisha watu kwamba mita hazina adabu. Akaomba apewe daftari lake.

Hawakuzifuta zile namba, na hilo nimelipenda. Aliandika chuoni na kwa kamati ya maadili, wakakubaliana kwamba vipimo vya tarehe 13 vibaki kama vilivyo, pembeni yaandikwe maelezo, na Suma yote ipimwe tena, wenye mazoezi na wasio na mazoezi, wanawake na wanaume, ili asionekane mtu aliyependelewa.

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia babu. Nilikwenda kwake na sukari kilo mbili, nimejiandaa kuzunguka maneno kutwa nzima. Sikumaliza hata salamu. Aliniambia kwamba siku ile alifumba macho saa tatu nzima mpaka shingo ikamuuma, ili wake wa wanawe wapate nafasi ya kupita, na sisi tukadhani amelala. Mara mbili aliinuka aondoke, na mara mbili yule kijana mpole wa watu alimshika mkono akamrudisha kitini na kumletea chai. Angekataaje chai ya mgeni? Akaniuliza kwa nini watu wenye vifaa vingi vile hawakumuuliza mtu yeyote wa Suma wapi pa kuketi. Kwenye kipimo cha kurudia ushahidi wake aliufanya akiwa jikoni mwa kanisa, mlango umefungwa, na wanaume wawili wa baraza la kijiji wakawa wanamletea habari.

Alhamisi iliyopita wakapimwa. Nelson alipima, mimi nilikuwa mjini nikisugua sakafu ya ofisi ambayo haikuwa chafu. Mama Abeli, ambaye hakupata mazoezi, alirudi karibu kabisa na namba yake ya mwezi wa tatu. Mama yetu, Joyce, alitembea mita 358. Ziandike mahali. Tangu Machi ameongeza mita arobaini na sita. Daktari ametukanya tusishangilie, kijiji kimoja si mradi, na jibu la vijiji vyote sita litatoka Septemba mtakwimu atakapofungua orodha yake. Basi sishangilii. Nakuambia tu.

Daktari alikuja mwenyewe nyumbani jana kumjulia hali, akala ndizi, akamwuliza mama kama yeye mwenyewe aliziona hizo mita mwilini mwake. Mama akamwambia mita hazijui, yeye anajipima kwa salamu. Mwaka jana akipanda ule mlima na mtu akamwuliza, mugonile, pumzi za kuitikia hakuwa nazo, na salamu zetu unazijua zilivyo ndefu, unaulizwa mpaka hali ya ndama. Watu wakaanza kusema mke wa marehemu amekuwa na maringo. Akawa anapita njia ya migombani, ya mzunguko, asikutane na mtu. Joyce, mimi nilikuwa naishi naye na sikujua. Nilidhani anapenda kivuli. Sasa anaitikia yote mpaka ya ndama, na anapita njia kuu. Daktari aliandika kurasa mbili. Alisema atarudi kwa akina mama wa vijiji vingine awaulize kila mmoja hujipima kwa nini, kabla ya kuwapelekea dodoso lililotungwa na watu wasioujua mlima wao.

Sasa nimefika mahali nilipopakimbia kurasa zote hizi. Nimeandika hapo juu Jumapili moja, kana kwamba siikumbuki tarehe. Naikumbuka. Ilikuwa tarehe 18 Mei. Mama alinieleza habari ya mkwe siku mbili tu baada ya mimi kukupigia simu, na mimi nikakaa kimya siku kumi na moja.

Nilikaa kimya kwa sababu mwezi wa nne nilipata barua ya kukubaliwa chuo, Dodoma, miaka mitatu, takwimu za afya, na mkopo wa ada umeahidiwa. Sikumwambia mtu. Niliificha kwenye Biblia ya baba, kwa kuwa ndicho kitabu ambacho hapa nyumbani hakisomi mwingine ila mimi tangu macho ya mama yafifie. Nilijua siwezi kumwacha peke yake na kifua kile, na nilijua nikikuambia wewe utasema tutaona mwakani. Nelson alipoleta zile mita 247, kabla sijaogopa, moyo wangu ulipumua. Nakuambia ulivyokuwa. Niliwaza: Joyce atamchukua, mimi nitakwenda. Lile neno haraka nililokuambia kwenye simu halikuwa kwenye karatasi ya Nelson. Nililiongeza mimi. Na mama aliponieleza ukweli, nilijiambia nitausema kesho, halafu kesho tena, na wewe huko unapaka rangi chumba.

Ningejisamehe kama siku hizo zingepita bure. Hazikupita bure. Wewe ulishampigia mama jioni ile ya Ijumaa ukamwambia anashuka, na mtu mwenye kipimo cha daktari hubishani naye. Baada ya ile Jumapili, kwa kuwa sikumwambia kwamba kushuka kwenyewe ni kwa kile kiti, akaanza kukaa tu. Chupa za mchanga akaziweka nyuma ya mlango. Kuku wake watatu akampa Mama Abeli. Siku moja nilimkuta amesimama shambani, anagusa migomba mmoja mmoja, na aliponiona akaniambia ipi ni ya kukata mwezi wa nane, nimwonyeshe atakayekuja kuishi hapa. Mapafu yake yalikuwa mazima kuliko miaka minne iliyopita, na alikuwa anaaga. Mwanawe nilijua, na nikanyamaza. Hata Nelson nilikaribia kumponza. Kama asingeniuliza mbele ya watu, sijui ningesema lini, na mpaka leo mbele yao sijasema kwamba nilijua mapema. Nitasema kesho ofisini. Wakinifukuza watakuwa na haki. Unaweza kuwa na saa nzuri na koni mbili na kura ya haki, lakini kama mpimaji ana lake moyoni, namba itainama tu.

Leo baada ya ibada nilimwambia mama yote. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya. Aliuliza Dodoma ni miaka mingapi. Nikasema mitatu. Akauliza kama kuna baridi, nikasema hakuna. Akamenya nyingine mbili. Kisha akasema kwamba yeye haendi Morogoro, asante, akakae kwenye joto amtazame nani, na kwamba mimi Septemba nakwenda chuo, na binti wa Mama Abeli, Anyelwisye, ambaye amemaliza shule na hana kazi, atahamia chumba changu, wameshazungumza. Nikamwuliza, hunigombezi? Akasema pumzi hizi amezitafuta kwa taabu wiki nane, hawezi kuzimalizia kwangu. Wa kunigombeza yupo, ana pumzi nyingi, anaitwa Joyce.

Basi, dada, njoo tarehe 20 kama ulivyopanga. Sitajificha. Nitakuja mwenyewe stendi kukupokea, na ukitaka kuanzia pale pale mbele ya watu, anza. Ukimaliza tutapanda mlima pamoja, na mama atakuwa ameshatutangulia.

Msalimie sana shemeji na umwombee radhi kwa ile rangi. Wabusu watoto. Mama Abeli anakusalimu na anasema kuku amewarudisha, ingawa mmoja alikuwa ameanza kutaga kwake. Mama anakusalimu kwa zile salamu zake ndefu, ambazo nikiziandika zote Erasto atakosa basi.

Ni mimi mdogo wako aliyekukosea na anayekupenda,

Anyitike